UTULIVU WA NAFSI MCHEZONI NI JAMBO LA KUFUNZWA

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, walimu wa michezo wa skuli na wananchi, katika matayarisho ya michezo ya watumishi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.)





Nimetakiwa nizungumze juu ya michezo, nami si mchezaji wala si daktari. Kazi yangu ni habari. Hata hivyo, mtu wa habari ana wajibu wa kuyasoma yaliyoandikwa na wataalamu na kuyafikisha kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa, na hilo ndilo nitakalojaribu kulifanya leo.

Jambo ninalotaka kulieleza ni moja. Ule utulivu anaouhitaji mchezaji, msomaji au mtumishi pale macho ya watu yanapomwelekea haumo katika damu ya mtu tangu kuzaliwa, wala haununuliwi kwa mganga. Ni ujuzi. Hufunzwa, hufanyiwa mazoezi, na huweza kuharibiwa na maneno yetu sisi watazamaji.

Ndugu wananchi,

Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 17 Disemba, 2017. Siku hiyo timu yetu ya Zanzibar ilicheza fainali ya Kombe la CECAFA na Kenya, mjini Machakos. Vijana wetu walitanguliwa mara mbili na mara mbili wakasawazisha, hata mchezo ukamalizika kwa mabao 2 kwa 2. Ikaja mikwaju ya penalti, na Kenya ikashinda kwa 3 kwa 2. Mlinda mlango wa Kenya alifanya kazi kubwa, na haki yake hatuwezi kumnyima. Lakini kesho yake, barazani na katika madaladala, neno lililosikika kwa baadhi yetu lilikuwa kwamba vijana hawana moyo.

Nauliza: vijana waliosawazisha mara mbili ugenini, mbele ya umati wa wenyeji, watakosaje moyo? Hapana budi tutafute maelezo yaliyo bora zaidi kuliko hayo.

CHIMBUKO LA ELIMU HII

Elimu ya nafsi katika michezo, ambayo vyuoni huitwa saikolojia ya michezo, si jambo la juzi. Mwaka 1898 mtaalamu wa Kimarekani, Norman Triplett, aliandika juu ya waendesha baiskeli ambao walikwenda kasi zaidi wanaposhindana na wenzao kuliko wanapokwenda peke yao. Akawapa watoto mchezo wa kuzungusha gurudumu la uzi, mara peke yao na mara wawili wawili, akapima muda wao. Hesabu zake zilipopitiwa upya na wengine baada ya miaka zaidi ya 100 zilionekana kuwa dhaifu kuliko zilivyosifiwa. Hata hivyo suali alilolizusha lilikuwa la haki: kuwapo kwa watu wengine kunabadilisha nini katika kazi ya mtu?

Mwaka 1925 Coleman Griffith alifungua maabara ya kuchunguza wanamichezo katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1938 tajiri mwenye timu ya besiboli ya Chicago Cubs alimwajiri awachunguze wachezaji wake. Griffith aliandika ripoti nyingi, lakini walioiongoza timu uwanjani hawakumpa masikio, na sehemu kubwa ya ushauri wake ikabaki katika karatasi. Hilo nalo ni funzo. Mtaalamu asiyeaminiwa na mwalimu wa timu ni sawa na dawa iliyobaki ndani ya chupa. Baadaye, mwaka 1965, wataalamu wa nchi mbali mbali walikutana Roma chini ya uongozi wa Ferruccio Antonelli wa Italia na kuunda jumuiya yao ya kimataifa, na tangu hapo elimu hii imekuwa na walimu, majarida na mikutano yake.

Mwaka huo huo wa 1965, Robert Zajonc alitoa maelezo yaliyolipa jibu suali la Triplett. Alisema kwamba macho ya watu humzidishia mtu nguvu ya kufanya lile lililomkaa zaidi. Ikiwa jambo amelizoea barabara, atalifanya vizuri zaidi mbele ya watu. Ikiwa bado hajalikamata, kosa ndilo litakalojitokeza. Kwa hiyo hadhara haimfanyi mtu kuwa shujaa wala mwoga. Huyafichua mazoezi yake.

KISA CHA CHUONI

Lakini yupo pia mtu aliyelizoea jambo barabara na bado likamponyoka. Hapa naomba niseme yaliyonikuta mwenyewe. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, mwalimu wetu wa chuoni alinichagua nisome mbele ya watu katika shughuli moja ya mtaani. Sura ile nilikuwa nimeihifadhi hata nikiamshwa usiku ningeisoma. Nikakaa mbele, watu wakanyamaza, na katika ule ukimya nikaanza kufanya jambo ambalo sijapata kulifanya: nikawa nausikiliza ulimi wangu mwenyewe. Nikajiuliza, neno linalofuata ni lipi? Kabla ya aya ya tatu nikapotea. Mwenzangu akapokea kusoma, nami nikainama nikitamani ardhi inimeze.

Nilitegemea bakora. Mwalimu hakunipiga wala hakunikaripia. Wiki iliyofuata alinitaka nisome huku wenzangu wakidurusu kwa sauti pembeni yangu. Halafu akaniweka barazani wakati wa watu kupita. Halafu akawaita wazee watatu wa jirani, wakakaa wakinitazama usoni. Kila mara alinambia niunganishe pumzi kwanza, nianze taratibu, na aya ya kwanza ikishatoka niiache sura inichukue. Mwezi wa pili nikarudishwa mbele ya watu, na nikasoma hadi mwisho.

Mwalimu yule hakupata kusikia neno saikolojia. Lakini mwaka 2001 wachunguzi wawili wa Kimarekani, Sian Beilock na Thomas Carr, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliofunzwa kupiga mpira wa gofu hadi shimoni. Baadhi yao walifanya mazoezi huku wakichukuliwa picha za video, wakiambiwa kuwa picha hizo zitatazamwa na wajuzi. Ilipofika siku ya shindano lenye shinikizo, waliozoezwa kutazamwa hawakuharibikiwa, ilhali wenzao waliofanya mazoezi ya kawaida waliharibikiwa. Maelezo yao yanafanana na kisa changu. Kazi iliyokwisha kuzoeleka hujiendesha yenyewe, na mtu akishikwa na hofu hurudi kuisimamia hatua kwa hatua, na usimamizi huo ndio unaoivuruga. Ni kama mtu anayeshuka ngazi aliyoizoea, ghafla akaanza kuifikiria miguu yake.

MKWAJU WA PENALTI

Baada ya maelezo hayo, sasa turejee kwenye penalti. Mpira huwekwa mita 11 kutoka langoni. Lango lina upana wa mita 7.32, na mpira uliopigwa kwa nguvu hufika katika muda wa takriban nusu sekunde. Kwa mahesabu, mpigaji ana nafasi kubwa zaidi kuliko mlinda mlango. Kwa nini basi wachezaji wakubwa wa dunia hukosa?

Mtaalamu wa Norwei, Geir Jordet, pamoja na wenzake walikusanya kanda za mashindano makubwa ya kimataifa na kuitazama mikwaju mmoja mmoja. Waligundua kwamba mchezaji anayepiga mkwaju ambao ukiingia timu yake inashinda papo hapo hufunga zaidi ya mara 9 katika 10. Mchezaji anayepiga mkwaju ambao akikosa timu yake inatolewa papo hapo hufunga kiasi cha mara 6 katika 10. Masafa ni yale yale, lango ni lile lile, mpira ni ule ule. Kinachotofautiana ni fikra iliyomo kichwani. Waligundua pia kwamba wenye kukimbilia mpira mara tu firimbi ya refarii inapolia hukosa zaidi kuliko wanaojipa nafasi ya kuvuta pumzi. Mtu aliyeshikwa na dhiki hutaka jambo limalizike upesi. Wazee wetu waliposema haraka haraka haina baraka, hawakuwa na kanda za video, lakini waliwatazama watu.

Mlinda mlango naye ana mtihani wake. Mwaka 2007 Michael Bar-Eli wa Israil na wenzake walichapisha uchunguzi wa penalti 286. Kiasi cha mikwaju 29 katika kila 100 ilipigwa katikati, lakini walinda milango walibaki katikati mara 6 tu katika 100. Waliobaki waliokoa mkwaju mmoja katika kila mitatu, na waliojirusha kushoto au kulia waliokoa pungufu ya mmoja katika kila sita. Kwa nini basi hujirusha? Wachunguzi walieleza kwamba mlinda mlango aliyesimama akafungwa huonekana hakufanya kitu, na aliyejirusha akafungwa huonekana angalau amejitahidi. Ndugu watumishi, nafikiri tabia hiyo hata maofisini haikosekani. Mara ngapi tumelipeleka jalada huku na huku, si kwa kuwa lilihitaji kwenda, bali ili tusionekane tumekaa?

Wenye mpira wa pete nao wasijione wametengwa. Mwaka 1996 Joan Vickers, wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, aliyapima macho ya wachezaji wa mpira wa kikapu wanaporusha mpira wa adhabu. Waliokuwa hodari waliyatuliza macho yao kwenye pete kwa muda mrefu zaidi kabla ya kurusha, na wasiokuwa hodari macho yao yalihangaika. Hili ni jambo ambalo mwalimu wa skuli anaweza kulifundisha bila ya kununua chombo chochote.

ELIMU INAPOTIWA KAZINI

Mtu atauliza: je, yote haya yamesaidia popote? Tuitazame Uingereza. Timu ya England ilitolewa katika Kombe la Dunia kwa penalti mwaka 1990, ikatolewa tena mwaka 1998, na tena mwaka 2006, hata watu wao wakaamini kuwa wamelaaniwa. Mwaka 1996 Gareth Southgate alikosa penalti katika nusu fainali ya Ulaya dhidi ya Ujerumani, na kosa hilo likamfuata kwa miaka mingi. Alipokuwa mwalimu wa timu hiyo hiyo, aliifanya penalti kuwa somo. Mtaalamu wa elimu ya nafsi, Pippa Grange, aliajiriwa na chama chao cha mpira, na wachezaji wakazoezwa kujipa muda na kutokimbilia mpira. Tarehe 3 Julai, 2018 waliishinda Kolombia kwa penalti, na ulikuwa ushindi wao wa kwanza wa namna hiyo katika Kombe la Dunia.

Lakini lazima nikamilishe habari. Mwaka 2021 timu hiyo hiyo, chini ya mwalimu huyo huyo, ilifungwa na Italia kwa penalti katika fainali ya Ulaya. Vijana watatu waliokosa, wote weusi, walitukanwa kwa ajili ya rangi yao. Halafu mwaka 2024 wakaishinda Uswisi kwa kuifunga mikwaju yote mitano. Kwa hiyo elimu hii haimwahidi mtu ushindi, na anayeuza ahadi hiyo ni mlaghai, awe amevaa suti au amevaa hirizi. Inachokifanya ni kumpa mchezaji nafasi ya kukionyesha kile anachokijua.

Kipo na kisa cha Simone Biles, mchezaji wa sarakasi za michezo wa Marekani. Tarehe 27 Julai, 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, alijitoa katikati ya fainali ya timu baada ya kupoteza hisia ya wapi yupo anapokuwa hewani. Wapo waliomwita mwoga. Lakini mtu anayejizungusha juu kichwa chini, asijue ardhi iko upande gani, anaweza kuvunjika shingo. Nahodha anayetua tanga wakati wa tufani hatumwiti mwoga. Baada ya wiki moja alirudi kwa chombo kimoja akapata medali ya shaba, na mwaka 2024 mjini Paris akapata medali tatu za dhahabu na moja ya fedha. Mwenyewe ameeleza hadharani kuwa alikuwa akipata msaada wa mtaalamu. Kutaka msaada hakukumpunguzia kitu.

Mtaalamu wa kweli, kwa hivyo, anajulikana kwa mambo matatu. Kwanza, amesomea kazi yake na haoni haya kuonyesha alikosomea. Pili, anaitunza siri ya mchezaji, hata anapoulizwa na kiongozi wa timu. Tatu, anaujua mpaka wa kazi yake. Mchezaji akiwa halali, hali, au anasema maneno ya kujidhuru, hapo si tena habari ya kufunga mabao, bali ni habari ya kumfikisha hospitali.

WAJIBU WETU

Ndugu wananchi,

Wataalamu wa namna hii kwetu bado ni wachache, na si kila timu ya shehia itaweza kuwa na mmoja wao. Lakini mengi niliyoyaeleza hayahitaji fedha. Kwa hiyo naomba yafuatayo yazingatiwe.

Walimu wa michezo, msiiache penalti hadi siku ya fainali. Wapigeni vijana mazoezi wakiwa wamechoka, wenzao wakiwazomea kwa makubaliano, wakitembea kutoka katikati ya uwanja mmoja mmoja kama itakavyokuwa siku yenyewe. Kila mchezaji awe na utaratibu wake asioubadilisha: kuuweka mpira, kurudi nyuma, kuvuta pumzi, kuchagua pahala, na kutobadilisha uamuzi.

Wachezaji, mkisikia moyo unakwenda mbio msidhani mmekwisha. Huo ni mwili unaojitayarisha. Yaelekezeni macho na fikra kwenye pale mpira unapokwenda, na si kwenye mguu wenu wala kwenye watakayoyasema watu kesho.

Wakuu wa idara, mtumishi atakayesimama kusoma ripoti mbele ya Mheshimiwa apewe nafasi ya kuisoma kwanza mbele ya wenzake. Asifunuliwe kasoro zake kwa mara ya kwanza mbele ya wageni.

Na sisi watazamaji tunao wajibu ulio mzito kuliko wote. Miaka mingi iliyopita, katika uwanja mmoja wa mtaani, kijana mmoja fundi wa mpira alikosa penalti ya mwisho. Akapewa jina la kejeli. Aliitwa jina hilo sokoni, aliitwa akiwa anakwenda msikitini, aliitwa hata na watoto wadogo. Msimu uliofuata hakuvaa viatu vya mpira, na hakuvivaa tena. Nilikuwapo siku ile. Sikulitunga jina lile, lakini nililicheka, na nikalikariri kwa wengine kwa kuwa liliwachekesha. Katika kuyasoma haya ya wataalamu nilikuwa kila mara namkumbuka yeye. Tulimfundisha kwamba kukosa ni aibu isiyosamehewa, kisha tukashangaa kuwa vijana wa mtaa ule hawataki kupiga penalti.

Nimeshamtafuta nikamwomba radhi. Alicheka, akasema ni mambo ya zamani. Lakini jina hakulitaja.

Mwalimu wangu wa chuoni angeweza kunicheka mbele ya watu, nami nisingesimama tena mbele ya hadhara, wala leo nisingekuwa hapa. Alichagua kunifunza. Kuteleza si kuanguka, ila anayeteleza anahitaji mkono wa kumshika.

Michezo ya watumishi inakaribia, na penalti zitapigwa, na wapo watakaokosa. Naomba kwa heshima zote kwamba atakayekosa apokelewe na wenzake pale pale uwanjani, na kesho yake akute kazini anaitwa kwa jina alilopewa na wazee wake.